Kutoka Utwana hadi Uungwana? Ukoo wa Paston wa Norfolk katika Kumbukumbu za Ardhi na Mahakama, 1378–1479

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia chimbuko na kupanda kwa ukoo wa Paston, uliokuwa miongoni mwa waungwana wenye ardhi katika kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika karne ya 15. Ukoo huu unajulikana sana kwa barua zake, lakini makala yanaweka barua kando ya hati za ardhi na magombo ya mahakama ili kujibu swali moja: je, kumbukumbu hizo zinathibitisha kwamba ukoo ulikuwa wa waungwana, au ndizo zilizoufanya uwe hivyo? Hoja kuu ni kwamba takribani kila hati inayoonyesha hadhi ya ukoo ilizaliwa katika ugomvi wa ardhi, na kwamba mtafiti hawezi kuitumia kabla ya kubaini ni nani aliyeihitaji na kwa nini. Makala yanahitimisha kwamba madai ya utwana dhidi ya ukoo hayakuthibitishwa, wala madai ya ukoo kwamba ulikuwa na uungwana wa kale hayakuthibitishwa, na kwamba gharama ya ushahidi wa uungwana iliwaangukia watu ambao majina yao hayakusikika mahakamani.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa waungwana wa Uingereza wa karne ya 15 methali hii ingeweza kutamkwa kama kanuni ya sheria. Ardhi ndiyo iliyokuwa mali, na haki ya ardhi ilisimama juu ya vipande vya ngozi vilivyofungiwa ndani ya masanduku. Aliyepoteza hati zake alikuwa amefika nusu ya njia ya kupoteza shamba lake.

Ukoo wa Paston ulichukua jina lake kutoka kijiji cha Paston, karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Norfolk. Katika vizazi vitatu ulipanda kutoka kwa mkulima mwenye jembe la kukokotwa hadi kwa jaji wa mfalme, kisha kwa watu waliokaa katika nyumba ya mfalme na kuwa na ngome. Mwishoni mwa karne ya 17 mzawa wa ukoo huo alipewa cheo cha Erli wa Yarmouth. Erli wa pili alifariki mwaka 1732 akiwa na madeni, bila mtoto wa kiume wa kumrithi, na nyaraka za ukoo zikatawanyika. Mwaka 1735 mwanahistoria wa Norfolk, Francis Blomefield, alizipitia katika chumba cha hati huko Oxnead. John Fenn alichapisha barua za kwanza mwaka 1787, James Gairdner akazihariri upya katika karne ya 19, na Norman Davis akatoa toleo la kitaaluma katika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya nakala za asili imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London.

Umaarufu wa barua umeleta tatizo la kimbinu. Barua zinasomeka kama mazungumzo ya nyumbani, na msomaji huona kwamba amekwisha kuwajua wenye nyumba. Hata hivyo, barua hizi zilihifadhiwa kwa sababu nyingi kati yake zilihusu mashauri: nani amelipa kodi ya shamba, nani atatoa ushahidi, sanduku gani lina hati gani. Kwa hiyo barua zenyewe ni tawi la kumbukumbu za ardhi, na zinapaswa kusomwa pamoja na shina lake.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Neno "mwungwana" linatumiwa hapa kwa mtu wa tabaka la wenye ardhi walio chini ya makabaila wakubwa, anayeishi kwa kodi na ushuru wa wapangaji bila kushika jembe. Neno "mtwana" linatumiwa kwa mtu aliyefungwa na sheria kwenye milki ya mwinyi. Huyu hakuwa mtumwa wa kununuliwa sokoni, lakini hakuruhusiwa kuondoka bila idhini, na mali aliyoipata iliweza kutwaliwa na mwinyi wake. Katika Kiswahili cha pwani maneno haya mawili yamezoea kukaa kama kinyume cha mwenzake, na ndivyo yalivyokaa katika mashauri ya ukoo wa Paston.

2.0 Aina za kumbukumbu na sababu za kuandikwa kwake

Mtafiti wa ukoo wa kiungwana hukutana na makundi manne ya hati. Kila kundi lilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyoamua nini kiandikwe na nini kiachwe.

Kundi la kwanza ni mapatano ya mwisho ya mahakama kuhusu ardhi. Kuanzia mwaka 1195 maneno ya mapatano yaliandikwa mara tatu juu ya kipande kimoja cha ngozi, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ulichukua nakala yake, na nakala ya chini, iliyoitwa mguu, ilibaki kwa mfalme. Aliyetaka kughushi asingeweza kuufanya mkato wake ulingane na mguu ule. Kwa mtafiti hati hizi ni hazina, kwa kuwa zinataja majina ya mume na mke, kijiji na ukubwa wa ardhi. Lakini mara nyingi kesi yenyewe ilikuwa ya kubuni: muuzaji na mnunuzi walijifanya wanashtakiana ili mauzo yao yapate muhuri wa mahakama. Anayesoma hati hiyo kama ushahidi wa uadui atapotoka.

Kundi la pili ni magombo ya mashauri ya mahakama za mfalme, hasa Mahakama ya Madai ya Kawaida iliyokaa Westminster. Yaliandikwa kwa Kilatini, na lugha hiyo iliendelea kutumika hadi mwaka 1733. Sheria ya mwaka 1413 iliagiza kwamba katika aina fulani za mashtaka mdaiwa atajwe pamoja na hadhi au kazi yake na mahali anapoishi. Tangu hapo magombo yamejaa maneno kama mwungwana, mkulima na mfanyabiashara. Mtafiti anaweza kudhani amepata sensa ya matabaka. Ukweli ni kwamba maneno hayo yaliwekwa ili shauri lisitupwe kwa sababu ya kumkosea mdaiwa, na mtu mmoja aliweza kuitwa kwa hadhi mbili tofauti katika mashauri mawili.

Kundi la tatu ni uchunguzi uliofanywa baada ya kifo cha mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Afisa wa mfalme aliita watu wa eneo hilo, wakaapa na kusema marehemu alikuwa na ardhi gani, mrithi wake ni nani na ana umri gani. Lakini kufikia karne ya 15 waungwana wengi walikuwa wakiiweka ardhi mikononi mwa wadhamini wakati wa uhai wao, hivyo mtu tajiri aliweza kufa akiwa, kwa mujibu wa karatasi, hana hata shamba moja. Hati tupu ya uchunguzi si dalili ya umaskini.

Kundi la nne ni magombo ya mahakama za mwinyi, yaani vikao vya kijiji vilivyoandikisha urithi wa vishamba, faini ndogondogo na wajibu wa wapangaji. Hapa ndipo wasio waungwana wanapoonekana. Na hapa ndipo swali la asili ya ukoo wa Paston lilipopaswa kujibiwa.

3.0 Clement na William: ardhi kabla ya hadhi

Mtu wa kwanza anayeweza kufuatiliwa kwa uhakika ni Clement Paston, aliyefariki mwaka 1419. Maelezo marefu kuliko yote kumhusu yamo katika waraka usio na jina la mwandishi, uliotungwa na mtu asiyeupenda ukoo. Waraka unasema Clement alikuwa mkulima mwema wa kawaida, aliyelima kwa jembe lake mwenyewe na kupanda farasi asiye na tandiko kwenda kusaga nafaka, akiwa amekalia mzigo wake. Alikuwa na ekari 100 au 120 kwa wingi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya kitwana chini ya milki ya Gimingham. Tena waraka unadai kwamba mkewe, Beatrice, alikuwa mtwana, na kwamba kaka yake Beatrice, wakili aliyeitwa Geoffrey Somerton, ndiye aliyesaidia kumsomesha William, mtoto wa Clement.

Waraka huu unapaswa kusomwa kwa jicho la kisheria. Kwanza, haumwiti Clement mwenyewe mtwana. Unasema ardhi yake ilikuwa ya kitwana na mke wake alikuwa mtwana. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilitenganisha hadhi ya mtu na hadhi ya ardhi: mtu huru aliweza kushika shamba la kitwana na kutimiza wajibu wake bila kuwa mtwana. Vilevile, mtoto alifuata hadhi ya baba. Baba akiwa huru, utwana wa mama haukumfunga mtoto. Kwa hiyo hata kama kila neno la waraka lingekuwa kweli, lisingetosha kumfanya William mtwana. Mwandishi alilijua jambo hilo, au alitumaini kwamba msomaji hatalijua.

Pili, waraka unawaelekeza wanaotaka kuhakikisha habari za Beatrice waende wakaulize katika nyumba ya watawa ya Bromholm, jirani na Paston. Hapa tunaona adui akimshinda mtetezi kwa mbinu: anafahamu kwamba neno lisilo na hati ni uvumi, hivyo anautegemeza uvumi wake kwa kutaja mahali ambapo hati inaweza kupatikana. Haitoi hati yenyewe.

William Paston, aliyezaliwa mwaka 1378, alisomea sheria na mwaka 1429 akawa jaji wa Mahakama ya Madai ya Kawaida. Mwaka 1420 alimwoa Agnes Berry, mrithi wa ardhi. Mwaka 1427 alinunua milki ya Gresham kutoka kwa Thomas Chaucer, mtoto wa mshairi Geoffrey Chaucer. Njia ya kupanda kwake iko wazi katika kumbukumbu: elimu ya sheria ilileta ada, ada ikanunua ardhi, ardhi ikaleta ndoa, na ndoa ikaleta ardhi zaidi. Mwaka 1440 mtoto wake John alimwoa Margaret, mrithi wa Mautby, kwa utaratibu uleule.

Jambo lisiloonekana kwa urahisi ni kwamba William alikuwa pia akitengeneza milki pale ambapo ukoo haukuwa nayo. Katika Paston yenyewe alinunua ardhi nyingi na kujaribu kuzigeuza kuwa milki yenye mahakama yake. Mwaka 1443 alipata kibali cha mfalme cha kuihamisha barabara iliyopita karibu na nyumba yake. Alifariki mwaka uliofuata, na mjane wake Agnes akajenga ukuta mahali pa njia ya zamani. Wanakijiji walilalamika, ukuta ukabomolewa, na jambo hilo likaingia katika kikao cha kijiji. Kwa hati ya mfalme Agnes alikuwa na haki. Kwa kumbukumbu ya majirani, waliomjua mkwewe akiwa na jembe, njia ilikuwa ya wote.

4.0 Gresham: maneno ya sheria na matukio

Jaji William alipofariki mwaka 1444, mrithi wake John alikuwa na umri wa miaka 22. Kuondoka kwa jaji kuliwapa ujasiri wale waliokuwa wakimwogopa. Oxnead, iliyokuwa fungu la Agnes, ilidaiwa na mtawa aliyeitwa John Hauteyn. Dai lake lilikuwa gumu tangu mwanzo, kwa kuwa mtu aliyeweka nadhiri za utawa alihesabiwa na sheria kuwa amekufa kwa mambo ya mali. Ilimlazimu kwanza atafute ruhusa ya kuondolewa nadhiri.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwa Robert Hungerford, aliyejulikana kama Lord Moleyns. Mwezi Februari 1448 aliitwaa Gresham kwa dai lililopitia upande wa mke wake. John alijaribu kujadiliana, kisha mwaka 1449 akarudi katika milki hiyo. Tarehe 28 Januari 1450 watu wa Moleyns waliishambulia nyumba ambamo Margaret alikuwa akiilinda na watu wachache. Ombi la John kwa mfalme na Bunge linasema wavamizi walikuwa watu 1,000 wenye silaha, kwamba walichimba ukuta wa chumba alimokuwa Margaret na kumtoa nje, na kwamba walichukua mali yenye thamani ya pauni 200.

Je, walikuwa 1,000 kweli? Msomi wa kumbukumbu za mahakama hana budi kuwa mwangalifu. Katika mashtaka ya kuingilia ardhi, maneno "kwa nguvu na silaha" yalikuwa kifungu cha lazima cha kulifikisha shauri mbele ya mahakama ya mfalme, na yaliandikwa hata pale ambapo kosa lilikuwa dogo. Idadi ya watu katika ombi ilikuwa na kazi hiyohiyo ya kuonyesha kwamba amani ya mfalme ilivunjwa. Hata hivyo, kukataa kila kitu kwa sababu ya kifungu cha kisheria nako ni kosa. Barua ya Margaret ya wakati wa mgogoro huo inamwomba mumewe alete pinde na mishale, pamoja na lozi na sukari. Barua hiyo haikuandikwa kwa ajili ya jaji. Inapowekwa kando ya ombi, inathibitisha kwamba silaha zilikuwapo kweli, ingawa haithibitishi hesabu ya watu.

Mwaka 1451 John alirudishiwa Gresham, lakini hakuweza kumpata Moleyns na hatia. Mjumbe wake aliripoti kwamba sherifu, yaani afisa mkuu wa mfalme katika kaunti, alisema amepokea barua ya mfalme inayomtaka achague juri itakayomwachia Moleyns. Habari hii haimo katika gombo la mahakama na isingeweza kuwamo. Gombo lina majina ya wajumbe na uamuzi wao tu. Anayetegemea gombo peke yake angeandika kwamba Moleyns alionekana hana hatia.

5.0 Wasia wa Fastolf na shutuma ya utwana

Tarehe 5 Novemba 1459 alifariki Sir John Fastolf, askari aliyetajirika katika vita vya Ufaransa na mjenzi wa ngome ya Caister. Hakuwa na mtoto. John Paston, aliyekuwa mshauri wake wa sheria, alitoa wasia wenye tarehe ya siku mbili kabla ya kifo. Kwa mujibu wake, John angechukua ardhi zote za Fastolf katika Norfolk na Suffolk kwa kulipa maki 4,000 na kuanzisha nyumba ya watu saba wa dini huko Caister ili kumwombea marehemu.

Wasimamizi wengine wa mirathi walipinga. Miongoni mwao walikuwa Jaji William Yelverton na William Worcester, aliyekuwa katibu wa Fastolf kwa miaka mingi. Shauri lilikwenda katika mahakama ya kanisa, na mashahidi walihojiwa katika miaka ya 1464 hadi 1466. Swali la kama John Paston aliutunga wasia huo limewagawa wanahistoria hadi leo. Kwa madhumuni ya makala haya inatosha kuonyesha kwamba tajiri alipokufa, ushahidi wa matakwa yake ya mwisho uliweza kuwa mikononi mwa yule aliyenufaika nayo, na kwamba watu wa wakati ule waliliona jambo hilo kwa macho makavu.

Wakati huohuo wakubwa walianza kuzinyemelea ardhi za Fastolf. Mwezi Oktoba 1465 watu wa Duki wa Suffolk waliibomoa nyumba ya Hellesdon na kulipora kanisa; wapangaji wa hapo walilazimishwa kushiriki katika kubomoa. John alikuwa amefungwa katika gereza la Fleet mjini London. Katika hali hiyo shutuma kwamba ukoo wa Paston ulikuwa wa watwana ilikuwa na makali yasiyo ya kawaida.

Ukali huo ulitoka katika sheria. Kama John angethibitishwa kuwa mtwana, hakuna shauri la ardhi ambalo angeweza kulishinda dhidi ya mwinyi wake, kwa sababu mali ya mtwana ilikuwa chini ya mkono wa mwinyi. Milki ya Gimingham, iliyotajwa katika waraka wa adui, ilikuwa sehemu ya Duki ya Lancaster, na tangu mwaka 1399 ardhi za Lancaster zilikuwa mikononi mwa mfalme mwenyewe. Kwa hiyo neno moja, "mtwana", lingeweza kufanya Caister, Hellesdon, Gresham na Paston viwe chini ya uwezo wa mfalme bila haja ya kujadili wasia wa Fastolf hata kidogo. Waliolitamka neno hilo walikuwa wanalenga ardhi, na nasaba ilikuwa silaha tu.

6.0 Tamko la 1466 na thamani yake kama ushahidi

John Paston alifariki London mwezi Mei 1466. Miezi miwili baadaye mtoto wake, Sir John, alipata tamko kutoka kwa Mfalme Edward IV na baraza lake. Lilisema kwamba Wapaston walikuwa waungwana waliotokana na damu yenye heshima tangu uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066.

Ushahidi uliowasilishwa ulikuwa wa aina tatu. Kwanza, hati na magombo ya mahakama ya kuonyesha kwamba ukoo ulikuwa na mahakama na enzi katika Paston tangu zamani zisizokumbukwa, pamoja na watwana. Pili, orodha ya ndoa zilizoufungamanisha ukoo na waungwana wengine. Tatu, nasaba iliyoanzia kwa mtu aliyeitwa Wulstan, aliyedaiwa kutoka Ufaransa.

Kila aina ina udhaifu wake. Magombo ya mahakama ya Paston, kama yalivyowasilishwa, yanapingana na waraka unaosema kwamba ni William aliyejaribu kujifanyia milki mahali pasipokuwa na milki. Ndoa zinathibitisha hadhi ya ukoo kuanzia mwaka 1420, lakini hazisemi lolote kuhusu kabla ya hapo. Ama Wulstan, jina lake ni la Kisaksoni cha kale, na ni ajabu kumpa jina hilo mtu anayetakiwa awe amekuja na washindi kutoka ng'ambo.

Kwa upande mwingine, ingekuwa haraka kusema kwamba tamko ni uongo mtupu. Watu walioitwa wa Paston walikuwapo katika eneo hilo kabla ya Clement, na hati zao zingeweza kukusanywa na kuunganishwa kwa nia njema. Kosa liko katika kiungo: hati inayomtaja mtu wa Paston katika karne ya 13 haithibitishi kwamba huyo ni babu wa Clement, kwa sababu mtu aliweza kuitwa kwa jina la kijiji alichotoka bila kuwa na undugu wowote na mwingine aliyeitwa hivyo. Hapo ndipo utafiti wa nasaba huporomoka mara nyingi, na hapo ndipo mawakili wa mwaka 1466 walipovuka mto pasipo daraja.

Matokeo yake nayo yanafundisha. Tamko lilifuta shutuma ya utwana, lakini halikuilinda ardhi. Mwaka 1468 Yelverton na wenzake walimuuzia Duki wa Norfolk ngome ya Caister, na mwaka 1469 Duki aliizingira na kuitwaa kwa nguvu. Sir John aliirudisha mwaka 1476, baada ya Duki kufariki. Sehemu kubwa ya mirathi ya Fastolf ilikuwa imekwisha kuelekezwa, kwa makubaliano yaliyosimamiwa na Askofu William Waynflete, kwa Chuo cha Magdalen huko Oxford. Hati ilimpa Sir John haki ya kusimama mahakamani. Kushinda kulihitaji mambo mengine.

7.0 Waliotajwa bila kusikika

Kuna jambo katika tamko la 1466 ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Ili kuthibitisha kwamba hawakuwa watwana, Wapaston walionyesha kwamba walikuwa na watwana. Uhuru wa ukoo mmoja ulithibitishwa kwa kuandikisha kutokuwa huru kwa koo nyingine, na hati zilizoweza kuwa zimelala kwa miaka zikafufuliwa mbele ya baraza la mfalme. Katika karne ambayo utwana ulikuwa ukififia kwa haraka Uingereza, ushahidi wa aina hii ulikuwa na faida ya kuufanya uendelee kuonekana kwenye ngozi hata pale ulipokuwa umelegea mashambani.

Beatrice naye yumo katika kundi hili. Yeye ni bibi wa John aliyeshindania Caister, lakini sauti yake haipo katika hati yoyote iliyojadiliwa hapa. Anatajwa na adui kama aibu, na katika utetezi wa ukoo hana nafasi. Mtafiti anayeandika kwamba Beatrice "alikuwa mtwana" analikopa neno la adui. Anayemwacha kabisa anafuata njia ya mawakili wa ukoo. Usemi wa haki ni kwamba hadhi yake ilidaiwa na waliokuwa na faida katika dai hilo, na kwamba ushahidi uliopendekezwa, wa Bromholm, haukutolewa.

Kinyume chake, Agnes na Margaret wanasikika sana, na sababu yake inaeleweka kutokana na kazi ya kumbukumbu. Waume walipokuwa London wakifuatilia mashauri, wake walikaa katika ardhi iliyogombaniwa, kwa kuwa aliyeondoka katika ardhi alidhoofisha dai lake. Barua zao ni zao la mkakati huo. Tunawasikia kwa sababu waliachwa walinde mlango.

8.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na swali la kama kumbukumbu za ardhi na mahakama zinathibitisha uungwana wa ukoo wa Paston au ndizo zilizouumba. Uchambuzi umeonyesha mambo matatu.

Kwanza, chimbuko la ukoo kabla ya Clement halijathibitishwa kwa hati isiyo na mgogoro. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Clement alikuwa mkulima mwenye ardhi ya kutosha kumpatia mtoto wake nafasi, pengine akiwa na mashamba huru na ya kitwana kwa pamoja, na kwamba sheria ya wakati ule haikumfanya mtwana kwa sababu hiyo wala kwa sababu ya mke wake.

Pili, kila hati inayozungumzia hadhi ya ukoo kwa uwazi iliandikwa wakati ardhi ilipokuwa hatarini. Waraka wa adui na tamko la mfalme ni mapacha wa shauri moja. Kuchagua mmoja na kumwita mkweli ni kulihukumu upya shauri hilo bila mashahidi. Njia salama zaidi ni kutafuta hati ambazo hazikukusudia kuzungumzia hadhi, kama vile magombo ya Gimingham na ya nyumba za watawa jirani, na kulinganisha majina, ekari na faini kwa mfululizo wa miaka.

Tatu, uungwana katika Norfolk ya karne ya 15 ulihitaji vitu viwili kwa pamoja: majirani wanaokubali na ngozi inayosema. William alikuwa na ngozi kabla majirani hawajakubali, ndiyo maana ukuta wa Agnes ulibomolewa. Mjukuu wake alipata tamko la mfalme na bado akaipoteza Caister kwa miaka kadhaa. Ukoo ulifaulu kwa sababu uliishi muda mrefu kuliko waliokumbuka jembe la Clement, na kwa sababu katika muda huo wote haukuacha masanduku yake ya hati yaende mikononi mwa watu wengine.